Minazi Katika Nyua za Watu

Kila siku, jua likishakausha umande, Mwinyimadi bin Kondo alitoka nyumbani kwake kwenda kuwadharau watu wa Kibuta, nyumba kwa nyumba. Alivaa kofia yake ya viua, akashika bakora, akamwambia mkewe Mwanaamina, "Naenda kutazama mali yangu," kisha akaondoka ametanguliza kidevu. Mali yenyewe ilikuwa minazi. Si shamba la minazi, maana shamba mtu huliona lilipoanzia na lilipoishia. Minazi ya Mwinyimadi ilisimama mmoja mmoja na miwili miwili katika nyua za watu: huu nyuma ya jiko la fulani, ule kando ya choo cha fulani, mingine karibu na kisima. Ardhi ya mwenye nyumba, mnazi wa Mwinyimadi. Ndivyo ilivyokuwa desturi tangu zamani. Mtu akibanwa na shida huuza mnazi, hauzi uwanja wake, na aliyeununua ana haki ya kuingia uani kwako kuutazama, kuukwea na kuzoa nazi zake.

Na watu wa Kibuta walijua kubanwa na shida! Mnazi wa kwanza aliuziwa na Mashaka, fundi cherehani, aliyetaka kumcheza mwali wake kwa ngoma itakayosikika mpaka Kisarawe bomani. Ngoma ilisikika, kisha ikanyamaza, na mnazi ukawa umeshakwenda. Wa pili aliuziwa na mtu aliyetaka kanzu mpya ya Iddi. Mwingine uliuzwa kwa ajili ya kodi ya kichwa, na huyo angalau alikuwa na udhuru. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeuza mnazi uliopandwa na babu yake ili apate nauli ya kwenda Dar es Salaam kutazama taa za umeme. Akazitazama, akarudi. Kwa Mwinyimadi kila mnazi ulikuwa ushahidi wa upumbavu wa mtu, umesimama mrefu mlangoni pake, na asubuhi haikupita hajaenda kumkumbusha.

Fedha za kununulia alizipata kwenye mkonge. Alikuwa mnyapara katika shamba moja la Mzungu upande wa Ruvu, kupita Mlandizi, miaka mingi kiasi kwamba sauti yake ilishindwa kurudi chini hata alipoacha kazi. Wenzake walipokea mshahara Jumamosi, na Jumatatu wakaja kumkopa. Yeye alikula muhogo wa kuchoma, akavaa shati moja mpaka likawa wavu, na senti zake akazipeleka posta. Walimwita mkono wa birika. Aliwaacha waseme, maana aliwaona hawana mbele wala nyuma.

Lakini msimdhanie mchoyo wa bure. Mwinyimadi alikuwa na sababu, na sababu ilikuwa baba yake. Mzee Kondo alipozeeka na macho kufa, hakuwa na kitu, na ndugu walimpokezana kama mzigo wa njiani. Wiki hii kwa mpwa, wiki ijayo kwa mkwe, na kila alikofika alianza kwa kuomba radhi. Mwinyimadi alimsikia baba yake, mtu mzima aliyewahi kuogopwa, akiomba maji ya kunywa kwa sauti ya mtoto. Siku hiyo aliapa kwamba yeye hatamwomba binadamu kitu mpaka sanda imfunike. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani. Muhogo wa kuchoma, senti za posta, minazi, yote yalitoka hapo.

Basi alizunguka. Kwa Mashaka mnazi ulikuwa umeinama juu ya paa, na kila upepo ukivuma nazi ilitoboa makuti.

"Shikamoo, mzee," Mashaka alisema, mguu uko kwenye cherehani.

"Marahaba. Jana imeanguka nazi. Iko wapi?"

"Iliangukia kitandani kwangu, mzee. Kidogo iniue. Tuukate mnazi huu, nakuomba."

"Ukate mnazi unaozaa? Hamisha nyumba! Mnazi ulikuwapo kabla ya nyumba yako, na ungekuwa wako leo kama usingeula kwa ngoma."

Mashaka akakanyaga cherehani, na sindano ndiyo iliyojibu. Mwinyimadi alitikisa kichwa, akaenda zake anajisikia vizuri moyoni.

Mwisho wa mzunguko alifika kwa Biubwa. Biubwa alikuwa mjane wa umri wake, mtoto wa shangazi yake, na alikaanga vitumbua barazani kwake tangu alfajiri. Kwa kuwa walikuwa mabinamu walikuwa watani, na kwa watani hakuna tusi linalokuwa kosa. Mnazi wa Mwinyimadi ulisimama hatua chache kutoka mlangoni pake.

"Umefika, mwenye mnazi?" Biubwa aliuliza bila kuinua macho.

"Nimefika. Nani amefunga mbuzi kwenye mali yangu?"

"Kajifunga mwenyewe. Kakuona wewe ulivyojifunga kwenye minazi, akaiga."

"Mwanamke mzima, na mnazi wa mumeo ukauuza kwa sababu ya maziko ya kujionyesha! Watu walikula siku saba. Leo wako wapi?"

"Wako hapa hapa, wananunua vitumbua. Wewe tu ndiye huli wala hununui. Sogea, unanizibia jua."

Alirudi nyumbani adhuhuri, koo limekauka na njaa imemshika sawasawa. Akila, alimsimulia Mwanaamina upumbavu wa watu mmoja baada ya mwingine. Mwanaamina alisuka ukili wake wa mkeka na kuitikia. Hawakujaliwa watoto, na hadithi hizo ndizo zilizoijaza nyumba. Mwinyimadi aliamini kwamba mzunguko ule ni adhabu, kazi ya kuchosha ambayo wajinga wamemtwisha. Lau mngemwambia kwamba anaufurahia, angewapiga bakora.

Ikaja miaka ile baada ya vita vya Hitla, mbata, nazi zilizokaushwa, ikapanda bei, na hapo ndipo Mfaume alipotokea. Mfaume alikuwa mtu wa Vihingo, mwenye shamba la minazi lililokaa pamoja, mistari imenyooka, boma la michongoma limelizunguka pande zote. Alikuwa analiuza. Wanawe wamepata kazi bandarini Dar es Salaam, wamemwita akakae nao.

"Unakwenda kulishwa na watoto?" Mwinyimadi aliuliza.

"Nakwenda kulishwa, kaka, na kuwabeba wajukuu," Mfaume alisema huku anacheka, hana hata haya. "Wewe lichukue shamba. Mali yako imetapanywa huku na huku, nusu ya nazi inaliwa na wenye nyua. Kwangu utafunga lango moja, basi."

Mwinyimadi alimdharau kwa moyo wote, lakini hesabu ilikuwa hesabu. Mlinzi mmoja, boma moja, wizi umekwisha. Mazao yangekuwa karibu mara mbili. Kwa shamba lile angeweza kuzeeka, kupofuka, kulala kitandani miaka kumi, na bado asimwombe mtu hata chumvi. Usiku hakupata usingizi kwa raha.

"Huko Vihingo utamgombeza nani?" Mwanaamina aliuliza.

"Sitagombeza mtu. Nitapumzika."

"Na kupumzika unakujua?"

"Mwanamke, mimi nazungumza maisha, wewe unazungumza maneno." Mwanaamina akarudi kwenye ukili wake.

Ili kulinunua shamba ilibidi auze minazi ya Kibuta. Akatangaza msikitini baada ya sala ya Ijumaa kwamba mwenye uwanja akitaka mnazi ulio uani kwake aje na fedha taslimu. Alijua watu wale. Alihesabu kwamba watahangaika mpaka mvua za mwaka ujao, wengine watashindwa kabisa, na yeye atapata nafasi ya kuwaeleza kwa nini wameshindwa. Hotuba yenyewe alikuwa ameshaiandaa kichwani.

Hakupata nafasi ya kuitoa. Mashaka alikuja siku ile ile, kabla Mwinyimadi hajavua kanzu, fedha zimefungwa kwenye kitambaa. Nyuma yake wakaja wengine. Fedha zilitoka kwenye mito ya sufi, kwenye mapaa, kwenye pindo za kanga. Mtu mmoja aliuza baiskeli yake, mwingine aliuza vikuku vya fedha vya mkewe, na mke mwenyewe ndiye aliyevileta mbio. Wasiokuwa nazo walichangiwa na waliokuwa nazo, bila riba wala ushahidi, na jambo hilo lilimtia Mwinyimadi kichefuchefu. Watu wale wale waliokosa thumuni ya chumvi! Alipokea fedha zao amekunja uso, akajiambia kwamba wamepata akili mwishowe, na kwamba ni yeye aliyewafundisha. Biubwa alikuja wa mwisho na sarafu zinazonuka mafuta ya vitumbua.

"Nilidhani utakuja kunibembeleza nikupunguzie," Mwinyimadi alimwambia.

"Kwa kuondoka kwako?" Biubwa alisema. "Ungeongeza bei ningelipa."

Siku ya kuhama walimsomea dua. Walipika pilau hasa, wakamkalisha mbele, na imamu akaomba Mungu amfikishe salama na amkalishe huko huko kwa amani. Watu wakaitikia amina kwa sauti ambayo Kibuta haikuisikia hata wakati wa kuomba mvua.

"Umeiona heshima hiyo?" Mwinyimadi alimwambia mkewe njiani. Mwanaamina alirekebisha mzigo wake kichwani na kutazama pembeni.

Shamba la Vihingo lilikuwa kama lilivyosemwa. Minazi ilisimama safu safu, nazi zilianguka na kukaa pale pale zilipoanguka, na mlinzi aliyeitwa Maneno, ambaye jina lake lilikuwa uongo mtupu, alizikusanya bila kusema neno. Wiki za mwanzo Mwinyimadi alitembea kati ya safu amefunga mikono nyuma, kama Mzungu wa mkonge. Aliuza mbata, akalipwa, akaweka. Alikuwa amefika alikokuwa akienda tangu ujana wake. Akakaa barazani kutazama.

Akatazama. Minazi haikuwa na la kumjibu. Ilikuwa minazi tu, haikuwa ngoma ya mtu wala kanzu ya mtu wala maziko ya mtu. Akamgeukia Maneno.

"Mbona umechelewa?"

"Nisamehe, mzee," alisema Maneno, ambaye hakuwa amechelewa.

Alimtafutia kosa asilipate. Siku moja, na hili ni la aibu kulisimulia, Mwinyimadi alichukua nazi tatu kutoka kwenye lundo, akazificha nyuma ya choo, kisha akamwita Maneno na kumwambia nazi zimepungua. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi mkubwa, hata kofia alivaa. Maneno alizihesabu, akaenda kwake, akaleta nazi tatu za ujira wake, akaziongeza kwenye lundo. "Nisamehe, mzee," akasema, akarudi kazini. Mtu kama huyo utamfanya nini? Mwinyimadi aliingia ndani akavua kofia.

Mwanaamina hakuwa na shida. Kabla mwezi haujaandama alishawajua wanawake wote wa Vihingo. Alikwenda nao kuchimba muhogo, kusuka mikeka, kuzalisha na kuzika, akarudi jioni ana habari mpya. Sasa yeye ndiye aliyesimulia na mumewe ndiye aliyeitikia. Watu wa Vihingo wenyewe walimsalimu Mwinyimadi juu ya boma, wakapita. Hakuwa na haki ya kuingia nyumbani kwa yeyote kati yao. Kwenda tu kwa mtu, bila mali ya kutazama, bila deni, bila shida, ni kwenda kuomba, kwa sababu mtu akikukaribisha umeshachukua kitu chake. Hivyo ndivyo alivyoamini.

Akaanza kuchelewa kuamka. Kwanza jua lilimkuta kitandani, halafu likampita. Chakula akakionea kinyaa.

"Una nini?" Mwanaamina aliuliza.

"Sina kitu."

"Kila kitu unacho," Mwanaamina alisema, na safari hii hakuficha dharau yake. "Umejipangia chakula, umejipangia paa, na sanda umeshainunua, iko sandukuni. Hukujipangia cha kuamkia tu. Nenda Kibuta ukatazame watu kabla sijaitoa hiyo sanda."

Alikwenda. Aliondoka mapema, akatembea pole pole, akafika jua limesimama. Kwa Mashaka alikuta kisiki. Mnazi umekatwa, na shina lake limelazwa kando ya nyumba, wateja wamelikalia.

"Umeukata!" alipiga kelele, na damu ikamchemka vizuri kwa mara ya kwanza tangu ahame. "Mnazi unaozaa!"

"Karibu, mzee, karibu mgeni wetu," Mashaka alisema kwa upole mkubwa, akainuka kabisa kwenye cherehani. "Ndiyo, niliukata. Ulikuwa wangu. Habari za Vihingo? Mama hajambo?"

Hakukuwa na pa kushika. Alijibu habari za Vihingo, akaaga. Upole ule ulimuuma kuliko tusi. Mashaka hakuwa akimwogopa tena wala kumchukia. Alikuwa akimpokea tu kama mpita njia yeyote. Kila ua alioingia ulikuwa hivyo hivyo: karibu mgeni, kunywa maji mgeni, na mnazi uko nyuma yao, na yeye hana la kuusemea.

Alipofika kwa Biubwa alimkuta barazani na chuma chake cha vitumbua motoni. Mnazi ulikuwa bado umesimama, makuti makavu yananing'inia, kamba ya kuanikia nguo imefungwa kwenye shina, na juu ya kamba umepigiliwa msumari wa kuning'inizia karai.

"Msumari!" Mwinyimadi alisema. "Kwenye mnazi!"

"Wangu."

"Msumari, Biubwa!"

"Nimekwambia wangu. Nikitaka nitaupigilia na mlango."

Mwinyimadi akaegemea bakora. "Niuzie," akasema. "Nitakupa mara mbili ya ulichonipa."

"Sitaki."

"Mara tatu."

Biubwa aliinua macho kwa mara ya kwanza, akamtazama mashavu yalivyobonyea. "Unaumwa wewe? Minazi ya Vihingo imekufa?"

"Haijafa. Inazaa."

"Sasa?"

"Huko hakuna mtu."

"Watu wa Vihingo wamekwenda wapi?"

"Wapo," Mwinyimadi alisema. "Lakini sina mnazi kwao."

Biubwa alicheka mpaka akashika ubavu, na kilikuwa kicheko cha dharau safi, hakikuchanganywa na huruma. "Wapumbavu wote uliowacheka Kibuta hii, hakuna aliyekufikia," alisema alipopata pumzi. "Mimi mtoto wa shangazi yako. Kuja hapa kunitukana ulipewa siku uliyozaliwa, bure, kama mimi nilivyopewa kukutukana wewe. Ukaenda ukaila miaka yako kwenye mkonge ili ununue kitu hicho hicho. Halafu ukakiuza! Na unajiita mtu wa hesabu. Haya, mnazi huna. Nitukane hivyo hivyo."

Mwinyimadi alitafuta tusi. Alitafuta kila mahali. Matusi yake yote yalikuwa ya nazi zilizopotea, ya mbuzi, ya makuti, ya mnazi uliouzwa kwa maziko. Juu ya Biubwa mwenyewe hakuwa na hata moja, maana asubuhi zote zile alizosimama pale alikuwa ametazama juu, kileleni. Ndipo alipotazama chini, akauona mguu wa Biubwa umenyooshwa kando ya moto, umevimba, umefungwa kitambaa.

"Mguu huo umefanya nini?"

"Mwaka wa tatu huu," Biubwa alisema. "Leo ndiyo umeuona."

Mwinyimadi alisimama. Jua lilikuwa kali, na nyuma yake njia ya Vihingo ilikuwa ndefu. Aliweza kugeuka akaondoka, fedha anazo, shamba analo, hana haja na mtu.

"Naomba nikae," akasema. Neno lilimtoka vibaya, maana hakuwa amelizoea.

Biubwa hakuwa mwanamke wa moyo laini. Alimwacha asimame mpaka alipogeuza vitumbua vyote, kimoja kimoja, na mpaka alipofuta mikono kwenye kanga. Kisha akakisukuma kigoda kwa ule mguu mbovu. Mwinyimadi akakaa. Akautazama mguu ule.

"Mguu wenyewe umeoza kama boga la msimu uliopita," akasema. "Na vitumbua vyako vinaungua, mzembe wewe."

Biubwa akavuta kuni moja kutoka motoni.

"Endelea," akasema.